Mkalimani wa Ruziba

Buyenzi, Bujumbura
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kwako yaya wangu, dada yangu mkubwa Léocadie,

Nakusalimu mimi mdogo wako uliyembeba mgongoni, tena nakusalimu mara mbili, maana ile ya kwanza najua utaipokea umenuna. Habari za Kigoma? Mgongo unaendeleaje, na cherehani bado inakata uzi? Mimi afya ninayo. Jino moja la nyuma tu ndilo linanisumbua, nalo tumezoeana. Huku mvua bado, vumbi limejaa hadi kwenye sahani, na mafuta ya gari hakuna, kwa hiyo tunatembea kwa miguu, bosi na kibarua. Mama Assia mwenye duka anakusalimu sana. Ndiye atakayekuletea barua hii, kwa kuwa anakuja huko kuchukua mzigo wa vipuri, na nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu yeyote barazani.

Utauliza kwa nini nimeandika karatasi wakati simu ipo. Simu nimeijaribu, yaya. Kila nikianza unaniuliza kama nimekula, mimi najibu nimekula, unaniuliza kama bado nalala kwenye kile chumba chenye panya, na salio linaisha tukiwa kwenye panya. Nikituma sauti utaizima katikati. Karatasi haizimwi. Unaweza kuichana, ndiyo, lakini nakujua, utaokota vipande uvisome.

Nianze na Orlane. Mwezi wa saba mwanao alinipigia bila wewe kujua, usimgombeze. Aliniambia amemaliza mafundisho ya ubatizo na wenzake wa shule, na kwamba ulipopata habari ulimkataza. Aliniambia ulimwambia kwamba maadamu unapumua hataingia katika nyumba ya watu waliosikia ukweli wakautema. Akaniuliza kama mjomba wake nilikuwepo siku hiyo, na kama ni kweli walikusikia. Nilimwambia mtandao unakatika. Mtandao haukukatika. Nilikata mimi, nikakaa na simu mkononi mpaka ikajizima yenyewe.

Sasa habari yenyewe ni hii: nimerudi kanisani. Tena si kanisa lolote, ni lile lile la Ruziba, lenye bati jekundu na kengele ya rimu ya lori. Najua hapa umeiweka barua chini. Ichukue. Jumapili kumi na mbili nimetoka Buyenzi kwa mguu, nikapita Kanyosha jua likiwa utosini, nikafika Ruziba na shati limelowa mgongoni. Kama mimi nimeweza kutembea hivyo, wewe kusoma hutashindwa.

Unajua nilivyoishi baada ya wewe kupanda boti. Unajua nusu. Unakumbuka kazi yangu pale: pasta akihubiri Kirundi, mimi nasimama nusu hatua nyuma yake nageuza Kiswahili kwa ajili yetu Wakongomani wa mabenchi ya kushoto. Akiinua mkono nainua, akipaza sauti napaza, akilia nalia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mkimbizi asiye na godoro lake, na watu mia tatu walikuwa wakiungoja mdomo wangu. Niliipenda ile mikro, kile kipaza sauti, kuliko nilivyompenda Mungu. Nalisema hilo bila aibu kwa sababu aibu yake nilishaila yote.

Miezi mitatu baada ya safari yako niliiweka mikro juu ya meza katikati ya mahubiri nikatoka. Watu walisema ni pombe. Pombe ilikuja baadaye, nayo ilikuja kweli, urwarwa wa ndizi wa Kanyosha asubuhi na jioni, kisha yule mwanamke niliyeishi naye miaka minne bila ndoa, kisha kufukuzwa kazi hapa na pale, mpaka Mama Assia akaniokota niwe mpangaji wa vipuri dukani kwake. Miaka kumi na saba sikupiga goti. Watu wa Buyenzi walipokuwa wakifunga Ramadhani mimi nilikuwa nakula nyuma ya duka nimejificha, si kwa heshima tu, bali kwa sababu sikutaka mtu aniulize mimi ni wa dini gani. Na kitu kimoja ambacho hukukijua: tangu siku ile sikumtafsiria mtu yeyote neno lolote. Mteja akija na lugha yake nilimwita mwingine. Sababu nitakuambia mbele. Usiruke kurasa.

Mwezi wa tano alikuja dereva wa lori wa kwenu Kigoma, amekasirika, plaketi za freni, zile pedi za breki, ameziweka mezani. Alikuwa amezinunua kwetu, na breki zikamkatalia kwenye mteremko wa Bugarama, akajiokoa kwa kuligonga lori ukingoni. Alikuja na polisi aliyehamishwa juzi kutoka Cankuzo, kijana wa Kirundi kitupu. Dereva naye ni wa Kiswahili kitupu. Watu walijaa mlangoni, kila mtu anatafsiri kwa kupiga kelele, polisi haelewi kitu. Mama Assia akaniambia nisimame mimi niseme, kwa kuwa Kirundi changu ni cha shule. Aliponiambia hivyo alinikonyeza. Nilimwelewa. Alitaka nipunguze makali.

Yaya, nikasimama. Dereva akasema plaketi hizi ni za zamani zimepakwa rangi, na mwanamke huyu aliniuzia kifo. Nikasema kwa Kirundi: plaketi hizi ni za zamani zimepakwa rangi, na mwanamke huyu aliniuzia kifo. Sikupunguza, sikuongeza. Mama Assia alinitazama kama mtu aliyeng'atwa na mbuzi wake mwenyewe. Yeye hakujua kama zimepakwa rangi, alizinunua katika katoni akaamini katoni, lakini ilibidi arudishe pesa zote mbele ya watu na kuomba radhi.

Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu aliniletea sahani ya wali, akaiweka juu ya boksi la taa, akaniambia: "Umenichoma mbele ya batu, we Cirimwami. Lakini sasa mi najua, neno nikikutuma nalo litafika." Akaenda zake kutawadha. Yeye alikuwa ananisifu, hakujua amenichoma kisu. Nikaingia nyuma kwenye matairi. Adhana ya magharibi ilikuwa inaita, watu wanapita na kofia zao kwenda msikitini, na mimi Mkristo wa jina nikapiga magoti juu ya karatasi la boksi nikaitika kwa njia yangu. Sikulia. Nilimwambia Mungu kwamba kuna neno nililotumwa nalo halikufika, na kwamba nimechoka kulibeba. Nilipoinuka nilijua ni lazima niende Ruziba. Ningeweza kwenda kanisa la Kamenge ambako hakuna anayenijua, wakanipokea kwa vigelegele. Lakini kitu nilikidondoshea Ruziba, nikakitafutie Kamenge kwa nini?

Walinipokea kama unavyodhani. Mama wa mlangoni alinishika mkono kwa vidole viwili. Nyuma yangu nilisikia mtu anasema maji yakimwagika hayazoleki. Nikageuka nikamwambia kwa adabu kwamba ni kweli, ila mimi si maji. Pasta Astère ni yule yule, kipara kimepanda tu. Mzee Melchior bado anakaa mbele, sasa na fimbo, karibu miaka themanini. Wazee wengine wa wakati ule wamekufa au wamehama. Na yule mwalimu wa kwaya bado yupo, sasa anaongoza kwaya zote tatu, ana mke na kitambi. Jina lake sitaliandika humu hata mara moja, na mwishoni utajua kwa nini.

Unakumbuka utaratibu wao, hawajaubadilisha. Aliyeanguka akitaka kurudi anaingia kwanza kwenye chumba cha wazee, anataja dhambi yake na aliyeitenda naye. Akitaja yote anawekwa benchi la nyuma miezi mitatu, haimbi kwaya, hashiriki meza ya Bwana, kisha anasimama mbele ya kanisa anapewa mkono. Akificha jina la mwenzake anatengwa, jina lake linasomwa Jumapili, basi. Mtu mwenye kuficha, wanasema, hajatubu bado. Mficha uchi hazai, huwa wanaongeza, na sikatai, ni methali nzuri.

Pasta Astère alikuwa amenirahisishia kazi. Niliposogezewa kiti mwishoni mwa mwezi wa saba, juma moja baada ya simu ya Orlane, alinipa karatasi ameshaiandika mwenyewe: ulevi, uzinzi, kuacha ushirika. Akasema nisome nitie sahihi, watanipa benchi miezi mitatu, na Noeli itanikuta nimeshapewa mkono. Wote walitabasamu. Ungeona jinsi msamaha ulivyokuwa karibu, yaya, ulikuwa umeshapigwa chapa. Nami niliutaka, nisikudanganye. Nilikuwa na hamu ya ile meza ya Bwana mpaka mate yakanijaa mdomoni.

Nikaisoma ile karatasi, nikaweka sahihi, nikasema haya yote ni kweli na yote hayakuniondoa hapa. Nikawaambia kwamba miaka kumi na saba iliyopita, ndani ya chumba hiki hiki, nilikuwa mkalimani wa mtu aliyeniamini, na maneno yake niliyabadilisha. Pasta akaniuliza ni maneno ya nani, na yalikuwa yanasemaje. Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Mpango wangu ulikuwa nitakaswe kwanza pale, halafu nije kwa mwenye maneno nikiwa na uso msafi. Lakini kuyasema pale bila ruhusa yake kulikuwa kumsemea tena bila kumuuliza, na safari hii mbele ya wazee wapya ambao hata hawamjui. Nikajibu kwamba maneno yale si yangu. Niliyaiba mara moja, mara ya pili siyagusi mpaka mwenyewe aseme.

Pasta Astère si mtu mbaya. Aliniomba vizuri, kisha akaniomba kwa ukali. Akasema yanayosemwa pale hayatoki nje, nami nikamkumbusha kwamba huwa yanasomwa Jumapili. Akasema basi nimeficha, na sheria ya anayeficha naijua. Nikacheka, yaya, sikuweza kujizuia. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, wazee wakadhani nimerudia pombe. Utajua sasa hivi nilikuwa nacheka nini.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane walisoma jina langu: Cirimwami ametengwa kwa kuficha. Kijana wa mikro, mkalimani mpya, akaligeuza kwa Kiswahili vizuri kabisa, nikamkubali moyoni. Shemasi akanijia akaniambia nitoke. Nikamwambia: "Apana, mi sitoke. Mumenikataza kwaya na meza, benchi hamukunikataza." Akaenda kumuuliza pasta, pasta akafungua kitabu cha kanuni mbele ya watu, kweli benchi haimo. Basi tangu siku hiyo nakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na ngoma mbovu, na wakiimba naimba, tena kwa sauti. Mama wa mlangoni anadai nawaharibia. Na waharibikiwe.

Kama wakikuuliza Kigoma mtu aliyeanguka anaweza kurudi, waambie unaye mdogo wako Bujumbura amerudi bila ruhusa ya kikao. Nilisali njiani Kanyosha, jua limenipiga, nikamwambia Mungu dhambi yangu kwa jina lake, pamoja na jina lisilo langu, kwa kuwa yeye alikuwepo akasikia yote. Hakunipa ndoto wala sauti. Ila tangu hapo nalala, na nikifungua mdomo kusali neno halikwami kooni. Wao wasubiri muhtasari wao. Mimi nimesharudi.

Lakini kuna msamaha mwingine ambao Mungu hawezi kunipa kwa niaba ya mtu. Huo uko Kigoma, na mwenye nao ameshika karatasi hii. Mtume Orlane dukani, kaa kwenye kile kiti chako cha cherehani, usome.

Yaya, hawakukusikia.

Siku ile kwenye chumba cha wazee ulinishika mkono wa shati. Mimi nilikutangulia nikasoma shule huku, wewe ulikuwa na miezi minne tu Burundi, Kirundi ulikuwa hujui zaidi ya salamu. Ulisema kwa Kiswahili, wazi, bila kulia. Ulisema una mimba. Ukataja jina la mwalimu wa kwaya, ukasema aliahidi kwenda kuwaona wazazi mwezi wa nane. Ukasema hukuja kuomba huruma, umekuja ili naye aitwe asimame pale uliposimama wewe. Kisha ukanitazama, niseme. Nami nikawaambia kwa Kirundi kwamba dada yangu anakiri dhambi yake, anaomba msamaha, na mwanaume hataki kumtaja.

Hukuyasema hayo. Niliyatunga mimi, nimesimama kando yako, na mkono wako uko kwenye shati langu.

Halikuishia hapo. Pasta Astère aliniagiza nikuulize mara ya pili, kwa upole, umtaje usiogope, kwamba wako tayari kumwita mtu yeyote awe nani. Mimi nikakugeukia nikakuambia: wanasema wamesikia, lakini yule ni mtu wao. Uliinua kichwa ukawatazama mmoja mmoja, ukatoka. Wao waliona mwanamke jeuri anayemficha mwanaume. Wewe uliona wazee wanaomficha mwanaume. Katikati yenu nilikuwepo mimi tu. Ulitengwa kwa kuficha, yaya, wewe uliyetaja, na Jumapili waliposoma hukuwepo usikie. Sasa unajua nilicheka nini siku ile wakinisomea sheria.

Usinitafutie sababu kubwa, haipo. Chumba nilicholala kilikuwa cha mwalimu wa kwaya. Mikro alinipa yeye. Nilipokusikia unalitaja jina lake niliona godoro linatoka nje, na mtu mwingine anasimama nusu hatua nyuma ya pasta. Ni sekunde ngapi hizo? Hazifiki tano. Halafu nikajiambia nimekuokoa, kwamba wangesema wanawake wa Congo ni waongo. Kikulacho ki nguoni mwako; ulizunguka miaka kumi na saba ukiwalaumu watu wa mbali, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nguoni. Kila mwezi nilikuwa nakupigia kuuliza mgongo unaendeleaje.

Nilikunyang'anya kanisa, na hilo lingesameheka, makanisa ni mengi. Kibaya zaidi nilikuachia picha ya Mungu aliyekaa pale mezani na wazee, akalisikia jina, akanyamaza pamoja nao. Umeishi na picha hiyo, na sasa unamrithisha Orlane. Picha hiyo ni kazi ya mikono yangu. Naumia nikiiandika, na nimestahili.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hata mimi sikulijua. Jumapili tatu zilizopita, katikati ya nyimbo, Mzee Melchior aliinuka kwenye kiti chake cha mbele, akatembea na fimbo yake kanisa zima likimtazama, akaja kuketi kando yangu kwenye benchi la nyuma. Nilidhani amekosea njia. Ibada ilipoisha akanisemesha kwa Kiswahili. Yaya, sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili. Aliniambia ujana wake aliumaliza Uvira akipakua samaki. Akasema: "Siku ile mi nilisikia. Mutoto wa watu alisema jina. Nilingoja we useme, ukalificha, na mi nikanyamaza." Mwalimu wa kwaya ni mtoto wa dada yake. Miaka yote hii amekula meza ya Bwana mbele, mimi nalewa Kanyosha, na tulikuwa tumebeba mzigo mmoja. Nilitaka kumkasirikia. Nilipomtazama alivyoiegemea ile fimbo sikuweza, nikamshika tu, tukakaa hivyo mpaka shemasi akaja kufunga madirisha.

Usidhani namficha tena yule mtu. Nilimfuata mazoezini, nikamwita kando nikamwambia kwamba ulimtaja, na mimi nikalimeza jina. Alikuwa akidhani miaka yote kwamba ulimlinda kwa mapenzi, maskini. Aliposikia alikaa kwenye ngazi. Kisha akaniambia ya kale yamepita, yote yamefunikwa na damu ya Yesu. Nikamwambia damu ya Yesu si kitambaa cha kufunikia kiti kichafu wageni wakija. Tangu hapo akiniona benchi la nyuma anaruka beti za wimbo.

Sasa nisikilize. Sikuombi msamaha ili nirudishwe. Wakinirudisha sawa, wasiponirudisha nimesharudi. Sikuletei mstari wa Biblia wa kukuharakisha. Una haki ya kukaa na hasira yako hadi uzee, na ukinifungia mlango nitabisha kila mwaka, kwa kuwa mimi ni mbishi na ubishi nilijifunza kwako. Ila ukikasirika, mkasirikie anayestahili. Wale wazee walimhukumu mwanamke niliyemtunga mimi. Wewe hawajakusikia hata siku moja. Mungu alikusikia, maana yeye hahitaji mkalimani. Hilo ndilo hubiri langu lote, na nimelitembelea njia ndefu.

Jina ni lako. Ukitaka kuja kulisema mwenyewe, nitakuwa kando yako nikigeuza neno kwa neno, na Mzee Melchior ameapa kukaa pale akinisikiliza nisipunguze. Ukitaka kuliandika, nitalisoma. Ukitaka lizikwe kwa ajili ya Orlane, nitakaa kwenye benchi la watu waliotengwa kwa kuficha mpaka meno yaishe, na nitaimba. Na mtoto, yaya, umkatalie ubatizo kwa sababu yoyote unayoona ina maana, lakini si kwa sababu hiyo. Umsomee barua hii yote, usimrukishe palipo na mjomba wake.

Nimalizie hapo, Mama Assia ameshafunga mizigo na ananiita kwa jina langu refu, dalili mbaya. Wasalimie majirani wa barazani na fundi wa viatu anayekudai maongezi. Orlane mwambie mtandao umerudi. Mama Assia atakaa Kigoma siku tatu. Ukiwa na jibu mpe, hafungui barua za watu. Ukiwa huna, au ukiwa nalo na hulitaki litoke, mpe hata kipande cha uzi kutoka kwenye cherehani yako, aniletee, nijue tu kwamba safari hii neno limefika.

Ni mimi mdogo wako,
Cirimwami